Hereni za Sulisuli

Kadi zilikuwa kavu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, kabla sijasoma hata neno moja lililoandikwa juu yake.

Kadi ya samaki haiji kavu. Inaandikwa kwenye boti inayorukaruka, na mtu ambaye mikono yake imetoka kushika mshipi, chambo na ute. Ikifika mezani kwangu huwa imejikunja pembe, ina alama ya dole gumba la damu, pengine na gamba limegandia pale penye tarehe. Nilikuwa nikizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kama nepi za mtoto, ndipo nizinakili kwenye daftari. Jumatatu ile nililetewa kadi kumi na nne kwa mpigo, zimefungwa kwa mpira, nyeupe, zimenyooka. Nilipozisogeza puani zilinukia losheni.

Nilizinakili, nikatia saini, sikumwuliza mtu. Mimi si mtu wa kuuliza.

Pale klabuni nilikuwa msichana wa mizani. Ilikuwa klabu ya wavuvi wa mchezo, watu wenye kazi zao nyingine, mawakili, madaktari, wenye maduka, wanaokwenda baharini mwisho wa juma kwa raha ya kupambana na samaki mkubwa. Samaki akiletwa nchi kavu anatundikwa, ninasoma uzito. Kisha analazwa kwenye meza yangu ya zege, ninampima kwa tepu kutoka ncha ya taya la chini mpaka kwenye panda ya mkia. Ile pua yake ndefu kama mkuki haihesabiwi, maana pua huvunjika. Hayo alinifundisha mjomba siku yangu ya kwanza. Aliishika mikono yangu miwili, mmoja tayani, mmoja mkiani, akasema, "Usiivute tepu, isije ikamwongezea. Usiilegeze, isije ikampunguza. Samaki hana wa kumtetea ila tepu."

Mjomba ni mdogo wake mama. Alikuwa nahodha wa boti ya Mwenyekiti wa klabu, boti kubwa kuliko zote pale, inayokodishwa kwa wateja wanaotoka mbali. Yeye ndiye aliyeniombea kazi. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipovunjika nyonga na akahitajika mtu wa kukaa na wadogo zangu pacha waliokuwa bado wanatambaa. Mama alipopona, wenzangu walikuwa wamenipita, na mimi nikaona haya kukaa dawati moja na watoto wadogo. Lakini kusoma ninasoma, na namba zinanipenda.

Zile kadi hazikuwa za klabu. Zilikuwa za ofisi ya utafiti wa samaki. Ofisi ile ilikuwa na boti moja, nayo nusu ya mwaka iko juu ya magogo inangoja spea. Kwa hiyo ilifanya urafiki na wavuvi wa mchezo. Kila boti ilipewa pakiti ya hereni, kama zile za ng'ombe, ila hizi ni uzi wa plastiki wa njano, mrefu kama kidole, una namba, na mwishoni una ncha ndogo ya chuma. Sulisuli, yule samaki wa pua ndefu, akinaswa, havutwi ndani ya boti. Anashikiliwa pembeni, ndani ya maji, anachomekwa hereni mgongoni kwa fimbo ndefu, anatolewa ndoana, anaachiwa. Mvuvi anajaza kadi yenye namba ile ile ya hereni: tarehe, mahali, urefu, na kama samaki ameondoka akiwa na nguvu. Siku nyingine, akinaswa tena na mtu mwingine, hata wa nchi nyingine, hereni inaeleza alikotoka na amekua kiasi gani.

Aliyenieleza haya ni dada mtafiti. Alikuja mara ya kwanza na viatu vya mpira, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake. Kila baada ya miezi mitatu alikuja kuchukua kadi. Aliniambia mkutano wa mwaka ukifika, daftari langu ndilo litakaloamua mambo mawili.

La kwanza lilikuwa Mteremko. Ndivyo wavuvi walivyopaita mahali ambapo sakafu ya bahari inaporomoka ghafla, na sulisuli hukusanyika hapo miezi mitatu kutaga. Kadi zikionyesha samaki wanaachiwa wazima, Mteremko utabaki wazi kwa klabu hata miezi ile. Zikionyesha vinginevyo, utafungwa.

La pili lilikuwa langu. Daftari likiwa safi, ofisi ingenipa cheti na kuniajiri niwe mwandishi wake wa samaki katika magati matatu.

"Lakini mimi sikumaliza shule, dada," nilimwambia, nikitazama ndoo.

"Mdogo wangu, ofisi haitakuuliza ulifika darasa la ngapi," akasema. "Itakuuliza kama namba zako ni za kweli."

Sentensi hiyo niliiandika nyuma ya daftari kwa penseli.

Basi zile kadi kavu. Zilitoka boti ya Mwenyekiti, zote. Siku ya pili nilizitoa tena nikazisoma taratibu, na hapo ndipo nilipoona kitu kingine. Samaki wa kuachiwa hapimwi, anakadiriwa. Anatapatapa majini, maji yanapasuka, mvuvi anamtupia jicho anasema mita mbili, au mita moja na nusu, au karibu na mbili. Kadi za boti nyingine zote ndivyo zilivyoandikwa. Hizi zilisema mia moja themanini na saba. Mia moja tisini na tatu. Mia moja sabini na sita. Mia mbili na moja. Sentimita kwa sentimita. Ni nani aliyeteremka baharini akamnyooshea sulisuli aliye hai tepu, naye akatulia apimwe kama anashonewa suti?

Aliyeziandika aliona namba kamili ni za kitaalamu zaidi. Hakujua kwamba katika kadi hizi, namba kamili ni ya maiti.

Nilikwenda chumba cha barafu. Kulikuwa na mzee mmoja pale, kazi yake kuvunja mabonge ya barafu na kuyajaza kwenye masanduku ya boti. Watu wote walimwita Mzee wa Barafu, naye mimi aliniita Kimya Kingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Kimya Kingi. Leo umekuja na miguu yako? Basi kuna jambo. Mshindo umekaribia."

Nikamwonyesha kadi moja. Akainua miwani, akaitazama mbali, akaitazama karibu, akanirudishia.

"Mimi hivi sijui kusoma."

"Unasoma gazeti kila siku, mzee."

"Naangalia picha." Akapiga bonge la barafu likapasuka katikati. Halafu akaniuliza, "Umeshakula?"

"Bado."

"Afadhali. Njoo."

Nyuma ya chumba cha barafu kulikuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya uzio kiwanja ambapo palitupwa mapipa mabovu ya mafuta. Sikuwahi kufika huko. Nzi walitupokea kabla hatujafika, nzi wazito, wa kijani, wanaogonga uso badala ya kukwepa. Halafu ikaja harufu. Nimekaa na samaki miaka mitatu, harufu ya samaki ni harufu ya nguo zangu, na bado ile ilinirudisha nyuma hatua mbili. Ilikuwa tamu. Ilikuwa inakaa kwenye ulimi.

Palikuwa na shimo, limemwagiwa chokaa kidogo kidogo, kama mtu anayenyunyiza unga juu ya meza. Chini ya chokaa walikuwa sulisuli. Lile pezi lao la mgongoni, ambalo samaki akiwa hai husimama kama tanga la buluu, lilikuwa limekunjana na kugandamana kama mwavuli uliooza. Pua zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, zote. Macho yalikuwa yamegeuka maziwa, na mengine hayakuwepo, palikuwa na kitu kinachochezacheza ndani. Tumbo la mmoja lilikuwa limepasuka lenyewe, mayai yamemwagika, mengi, rangi ya chungwa iliyofifia, nayo yalikuwa yanatembea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yanayotembea si mayai.

Na kila mmoja, mgongoni, pale pale panapotakiwa, alikuwa amechomekwa hereni ya njano. Mpya. Inang'aa.

Nilitapika pembeni ya pipa. Mzee alisubiri, mgongo amenipa kwa heshima.

"Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza," akasema. "Sasa hawa wameoza wote. Methali imefika mwisho, sijui watu wa maana watatunga gani."

"Ni wa lini?"

"Hawa wa juu ni wa Jumapili. Wa chini yao ni wa Jumapili ile nyingine. Wa chini kabisa hata mimi sikuwahi kujuana nao. Naambiwa chimba, nachimba. Naambiwa mwaga chokaa, namwaga."

"Nani anakuambia?"

Alifukuza nzi kwa kofia yake. "Kuna gati dogo nyumbani kwa Mwenyekiti. Boti inapita kule kwanza kabla haijaja huku. Wateja wanashuka na samaki, wanapiga picha. Ndiyo hivyo. Tuondoke, hii harufu inahamia kwenye nguo."

Niliporudi nilipita ukumbini. Ukutani, karibu na kaunta ya soda, kulikuwa na picha kubwa niliyokuwa nikiifuta vumbi kila asubuhi. Ilikuwa ya mteja wa boti ya Mwenyekiti, mwanamke mwenye kofia pana, ameshika fimbo ya hereni, anamchomeka sulisuli, anacheka meno yote. Chini yake pameandikwa TUNALINDA BAHARI YETU. Nimeifuta ile picha labda mara mia nne. Siku ile ndiyo niliitazama. Sulisuli aliye hai huwaka. Ubavuni ana mistari ya buluu inayokuja na kuondoka kama taa, na mgongo wake ni mweusi wa samawati. Akifa rangi inamtoka dakika chache tu, anabaki wa kijivu kama sufuria. Yule wa kwenye picha alikuwa sufuria. Yule mama alikuwa anamtoboa maiti, akicheka.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Alhamisi jioni mjomba alikuja nyumbani kumwona dada yake, kama kawaida yake, na kipande cha samaki kwenye mfuko. Mama alimpokea kwa sifa. Sisi tulikuwa watu wa chumba kimoja na ukumbi mwembamba, na nusu ya kodi aliilipa yeye.

"Mwone mjomba wako," mama akaniambia. "Wenzake wakipata boti wanasahau dada zao. Yeye haji mikono mitupu."

"Dada naye," mjomba akasema, "kipande kimoja tu, unanipigia tarumbeta."

Chakula kilipoiva niliisukuma sahani nzima kwa pacha. Kila nikitazama ile nyama nyeupe naona kitu kinacheza. Mjomba aliniona. Aliponawa mikono akasema, "Mpwa wangu, nisindikize mpaka njiani."

Tulitembea kwenye uchochoro, maji ya kufulia yanapita katikati, yeye upande huu na mimi ule.

"Umekwenda kule nyuma," akasema. "Yule mzee mdomo wake hauna mlango."

"Hakuniambia kitu. Niliona kadi."

"Kadi zina nini?"

"Zimepimwa kwa tepu, mjomba. Zimeandikwa mia moja themanini na saba."

Alisimama. Nilidhani atakasirika, kumbe alicheka, cheko fupi la puani. "Mwenyekiti huyu. Nilimwambia aandike mita mbili tu. Akasema hapana, ofisi inapenda mambo ya uhakika."

Yaani hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Kwa nini mnawaua?" nikauliza.

"Sikiliza. Mteja anakuja siku moja tu. Amechomwa na jua, ametapika njia nzima, mgongo unamuuma. Anataka picha. Samaki ukimwacha majini, picha inatoka povu tupu. Anataka amshike pua, amning'inize, wanawe wamwone. Halafu huyo huyo anataka aambiwe ni mtu mwema, mlinzi wa bahari. Sasa nifanyeje? Ninampa vyote viwili. Mkono mtupu haulambwi."

"Na samaki?"

"Samaki hana watoto wa kusomesha."

"Ana mayai. Niliyaona."

Mbwa alipita katikati yetu, akanusa viatu vyangu kwa muda mrefu, akaondoka.

"Kazi yako," mjomba akasema polepole, "ni kupima wale wanaokuja mezani kwako. Na hao unawapima vizuri, kila mtu anakusifu. Wasiokuja mezani si wako."

"Lakini saini ni yangu."

"Saini ni wino, mama. Mteremko ukifungwa, boti inakaa juu ya magogo miezi mitatu, na mimi ninakaa nayo. Na nyie mnakaa na mimi. Na ikijulikana kwa nini umefungwa, mimi ndiye nahodha, Mwenyekiti hatakuwa na habari. Cheti changu cha unahodha kitachanwa mbele yangu. Unaelewa?"

"Ninaelewa."

"Basi usiwe na wasiwasi. Jumamosi vaa lile gauni la mistari."

Akaniwekea mkono kichwani, kama alivyozoea tangu nikiwa mdogo. Ulinukia sabuni na ndimu. Alikuwa ameuosha vizuri. Lakini nilihisi ute, nilihisi kabisa ute unashuka kwenye nywele zangu mpaka shingoni, na nilipofika nyumbani niliosha kichwa mara tatu kwa maji baridi. Mama akauliza ninajiandaa na harusi ya nani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, feni zilizunguka, soda zilikuwa kwenye barafu ya yule mzee. Wavuvi walikaa kwa boti zao. Mjomba alikaa safu ya pili na shati lililopigwa pasi. Mimi nilisimama nyuma karibu na makreti, na gauni la mistari.

Mwenyekiti alizungumza kwanza. Alikuwa mtu mnene wa uso laini, ana mikono midogo inayonukia losheni, na alipenda kuisugua anapozungumza.

"Ndugu zangu," akasema, "watu wa nje wanatuita wavuvi. Mimi nakataa. Mvuvi ni yule anayechukua. Sisi tunarudisha. Mimi binafsi, sulisuli akiondoka ubavuni mwa boti yangu na hereni yake mgongoni, huwa nasikia kama nimemwoza binti."

Walipiga makofi. Mmoja alifuta macho. Mimi nililiona lile pezi lililogandamana.

Kisha akasimama dada mtafiti. Alivaa viatu vya kawaida siku ile, akaonekana mfupi. Alisoma hesabu. Klabu nzima ilikuwa imeachia sulisuli mia moja arobaini na wawili. Themanini na wawili kati yao ni wa boti moja, ya Mwenyekiti. Akasema hajawahi kuona ushirikiano kama huo. Akasema kuna watu walimwambia wavuvi wa mchezo hawawezi kuaminiwa, na leo atawapelekea daftari hili.

"Na ninataka mumwone mtu mmoja," akasema. "Mdogo wangu, njoo."

Nilitembea katikati ya viti. Ni safari ya hatua ishirini, nilihisi ni ya boti. Mezani mbele yake palikuwa na daftari langu, limefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Huyu ndiye anayepokea kila kadi," akawaambia. "Mimi ninakuja mara nne kwa mwaka. Yeye yupo kila siku. Sasa kabla hajatia saini ya mwisho nitamuuliza mbele yenu, kwa sababu ndiyo heshima ya kazi yake." Akanigeukia. Alinitazama kwa macho ya mtu anayekutakia mema, na sikuweza kumtazama. "Kadi hizi zote umezipokea mwenyewe?"

"Ndiyo, dada."

"Umezinakili zilivyo?"

"Ndiyo."

"Na unaziamini?"

Feni zilizunguka. Mtu alifungua soda, akajuta. Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee wa Barafu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, na yeye ndiye pekee aliyekuwa ananitazama usoni, nyusi amezipandisha kidogo, kama mtu anayesikiliza ngurumo ya mbali.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi, machache, hata mtu mwenye haya angeyaweza: Dada, twende nyuma ya chumba cha barafu.

"Ndiyo," nikasema.

Nikatia saini. Kalamu ilikuwa nzuri, wino ulitoka wenyewe. Makofi yakaanza safu ya mbele yakaja mpaka nyuma, na dada mtafiti akanikumbatia, akanikabidhi cheti, na Mwenyekiti akanipa mkono wake mdogo, laini, wenye joto. Niliushika. Tulipigwa picha.

Nilipotoka nje kupata hewa, Mzee wa Barafu alikuwa anamwaga maji ya ndoo.

"Shikamoo, mtaalamu," akaniambia.

Mzee wa miaka sitini na zaidi. Aliokota ndoo yake akaenda, na tangu siku ile hakuniita tena Kimya Kingi, wala jina lingine lolote.

Mteremko ulibaki wazi. Mjomba alikuwa baharini miezi ile mitatu yote, tena siku nyingine mara mbili kwa siku. Mama alinunuliwa fimbo mpya ya kutembelea. Mimi nilipewa koti la buluu lenye nembo ya ofisi na nikawa mwandishi wa samaki wa magati matatu. Kwa Mwenyekiti nilikwenda kila Jumanne, napewa kadi kavu, nanakili. Aliacha kuandika sentimita. Sasa zilisema mita mbili, mita moja na nusu. Kuna mtu alimfundisha, na mtu huyo alijifunza kwangu.

Mwaka uliofuata dada mtafiti alikuja na viatu vyake vya mpira, akakaa juu ya ndoo kama zamani. Alikuwa amekonda. Akatoa karatasi.

"Kuna kitu kinaninyima usingizi," akasema. "Zile boti nyingine, hereni zao sitini, zimerudi tatu. Moja imenaswa mbali sana, mwendo wa siku kumi. Tatu kwa sitini ni vizuri mno. Lakini hizi themanini na mbili za boti ya Mwenyekiti, haijarudi hata moja. Wala za mwaka huu. Hata moja, mdogo wangu. Inakuwaje?"

Nilikunja tepu yangu.

"Nimefikiria sana," akaendelea. "Labda hawa wa upande wa Mteremko ni kundi lao peke yao. Labda wana njia yao, wanakwenda mbali kuliko tulivyodhani, mahali ambapo hakuna anayevua. Ninataka kuandika hivyo kwenye ripoti. Wenzangu ofisini wanasema ninaota. Wewe uko nao kila siku. Unaonaje?"

Upepo ulikuwa unatoka upande wa uzio wa mabati. Yeye alidhani ni harufu ya gati tu.

"Bahari ni kubwa, dada," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akachukua kalamu yake, akaandika, na nikaona ameandika maneno yangu yale yale, kwa mwandiko wake mzuri, juu ya ukurasa mtupu. Akashukuru. Siku hizi ripoti hiyo imechapishwa, ina ramani, na kwenye ramani kuna mshale unaotoka Mteremko kwenda mahali ambapo hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kwenda.

Watu wachache wanaojua wamenitafutia sababu. Mama anasema nilimwokoa mjomba wangu, na kwamba Mungu huona moyo. Mjomba anasema mimi ni mtoto mwenye shukrani. Mzee wa Barafu, kabla hajaacha kazi, alimwambia mtu kwamba nilishikwa na haya, kwamba umati uliniziba mdomo, maskini, mtoto wa watu. Nimewaacha wote waamini hivyo. Zote ni sababu nzuri, na mtu akipewa sababu nzuri haioshi, anaivaa tu.

Lakini siku ile pale mbele sikumfikiria mjomba. Wala sikuona haya. Nilipofika mezani nilikiona cheti kimelazwa kando ya daftari, wameweka glasi ya maji juu yake kisipeperushwe na feni, na majina yangu matatu yote yamepigwa chapa, hakuna herufi iliyokosewa. Nilikuwa sijawahi kuliona jina langu limepigwa chapa. Niliulizwa kama ninaziamini zile kadi, na mimi nilikuwa ninahesabu herufi.

Nilikitaka. Ndiyo maana nilisema ndiyo.